Utafiti Ulioandikwa Kuwa Wazi

Daktari alipowaeleza Wembe na dada yake kwamba VVU mwilini mwa Wembe vimeshakuwa sugu kwa kila dawa iliyokuwepo kliniki, Wembe alicheka. Alikuwa kinyozi, na jina hilo wateja walimpa kwa sababu ya ulimi wake mkali.

"Basi virusi vyangu vimesoma kuliko mimi."

Dada yake hakucheka. Ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki.

Dada alifanya kazi katika ofisi inayotunza kanzidata ya taifa ya tafiti za VVU: nani anatafiti nini, wapi, na kama bado anapokea watu. Kesho yake alitafuta humo kwa ajili ya mdogo wake. Akapata utafiti mmoja tu, wa sindano mpya kwa watu ambao dawa nyingine zimeshindwa kuwasaidia. Pembeni paliandikwa: unapokea washiriki. Akapiga simu mpaka chaji ikaisha, haikupokelewa. Mfa maji haachi kutapatapa. Akamchukua Wembe wakapanda basi. Njia nzima kichwa cha Wembe kilimlalia begani, chepesi kama cha mtoto.

Kwenye kituo cha utafiti walipokelewa na nesi.

"Dada yangu, utafiti huo ulifungwa tangu mwaka jana."

"Kwenye kompyuta uko wazi."

"Mtafiti mkuu alihama. Nadhani hakuna aliyewaarifu wanaoandika humo."

"Wanaoandika ndio sisi," Dada alisema. "Na dawa zilizobaki je?"

"Zilirudishwa kwa waliozitengeneza."

Dada akamshika nesi mkono. "Hata dozi moja, ndugu yangu. Mgonjwa mwenyewe ndiye huyu unayemwona."

"Namwona. Ningekuwa nayo nisingekuacha unibembeleze."

Wakati huo akaingia mama mmoja na binti yake aliyekondeana, mkononi ana karatasi waliyopewa kliniki ya kwao. Akauliza kama hapo ndipo panapotolewa sindano mpya.

"Karibu ukae kwanza, mama," Wembe akasema, akijisogeza kwenye benchi. "Mmetoka mbali."

Dada akaomba kutumia kompyuta ya nesi. Akaingia kwenye kanzidata, akaandika: umefungwa. Ilikuwa kama anamfungia mdogo wake mlango kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akatoka, akaketi karibu na yule mama, akamweleza yote, akampa na namba yake ya simu.

"Hakuna mwingine?" mama akauliza.

"Sijauona bado."

Waliporudi, Dada alianza kuupigia simu kila utafiti ulioandikwa kuwa wazi. Nyingi zilikuwa zimekwisha zamani. Zilizobaki hazikumfaa Wembe, na kabla msimu wa mvua haujaisha walikuwa wamemzika.

Yule mama bado humpigia Dada. Binti yake angali hai, ila hainuki kitandani. Hawana jipya la kuambiana. Husalimiana, kisha kila mmoja hubaki ameshika simu, akimsikiliza mwenzake anavyopumua.