Wifi Aliyenenepea Mtandaoni

Mke alikuwa fundi cherehani. Mume hakuwa injinia, ila mtaa mzima ulimwita Injinia tangu siku alipoifungua feni ya jirani, akaifunga tena, ikazunguka. Kwamba ilizunguka kinyumenyume watu waliamua kulisahau. Jina lilikuwa limeshakaa.

Fundi alishonea sebuleni. Meza ya kulia chakula ndiyo ilikuwa ya kukatia vitambaa, hivyo wenye nyumba walikula sahani zikiwa magotini. Magauni yake yalikuwa mazuri, lakini uzuri wa kuning'inia ukutani haumfikii mnunuzi. Akashauriwa ayauze mtandaoni, kwenye lile soko ambalo siku hizi watu hununua kila kitu, kuanzia sufuria hadi sofa.

Wa kuyavaa magauni alipatikana ndani ya ukoo: wifi yake, mdogo wake Injinia, aliyefanya kazi mapokezi katika kliniki ya meno. Wifi alikuwa mrefu na mwembamba, na aliulinda wembamba wake kama wengine wanavyolinda kiwanja. Alikunywa chai kavu na kuwahurumia waliotia sukari. Mama yao, kila akimwona, alimuuliza kama anaumwa.

Picha zikapigwa, wifi kasimama mlangoni, mkono kiunoni. Kesho yake soko likazikataa zote. Picha, lilisema, ziwe za mraba, upana sawa na urefu, tena zisiwe kubwa kupita kiasi. Za fundi zilikuwa ndefu kama mlango wenyewe.

"Niachie mimi," alisema Injinia.

"Ni nyingi hizo. Utazipunguza moja moja?"

"Moja moja ni kazi ya mikono. Kompyuta unaipa folda nzima, unaiambia unataka nini, wewe unakwenda kunywa chai."

Akaipa folda nzima. Akaandika upana, akaandika urefu uleule. Programu ikamuuliza kama ilinde uwiano wa upana na urefu wa picha. Injinia alilichukulia swali hilo kama yale ambayo mtu huulizwa kwa adabu tu, akajibu hapana, akaenda kunywa chai.

Aliporudi, picha zote zilikuwa za mraba. Mlango ulikuwa umegeuka lango. Na wifi, aliyekuwa katikati ya lango hilo, alikuwa amepata mashavu, mabega na nyonga ambazo ukoo wao haukuwahi kumjalia mtu. Injinia aliinamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Zimejaa vizuri," alijisemea.

Akamwita mkewe. Fundi alikuja na pini midomoni, akaonyeshwa picha ya kwanza, ambayo ilikuwa ya gauni kwenye henga, akatikisa kichwa kukubali na kurudi kwenye cherehani. Picha zikapanda sokoni.

Jumbe zilianza kuingia kabla magauni hayajamaliza siku ya pili. Fundi alizisoma akipiga pasi, na kila alivyosoma ndivyo alivyozidi kushangaa. Mmoja aliuliza kama gauni la bluu lipo kwa mwenye kifua. Mwingine alitaka la kijani, mkono mpana. Wa tatu hakutaka kitu ila kushukuru: "Hatimaye duka lenye mwanamke kama sisi."

"Mbona wanaonitafuta wote ni wanene?" alimuuliza mumewe. "Nani kawaambia?"

"Soko lina akili yake," alisema Injinia.

Fundi akafungua picha mwenyewe. Akazikodolea macho mpaka pasi ikaanza kunuka, akaiinua.

"Baba, umemfanyia nini dada yako?"

"Sijamfanyia kitu. Nimemweka kwenye mraba."

"Huyu umemkanyaga na gari."

"Lakini wateja wamempenda," alisema Injinia, na hapo, kwa bahati mbaya, alikuwa anasema kweli.

Fundi alidhamiria kuziondoa jioni ile. Kisha likaja ombi jingine, na jingine. Akaanza kukata. Ndipo akagundua kwamba kipande cha mtu mwembamba hukiongezi tu pembeni ukapata cha mnene. Bega hushuka, kwapa hubana, pindo la mbele hupanda. Alilifumua gauni la bluu mara kadhaa, akachora vipande upya kuanzia shingoni, na ilimpendeza sana kuumiza kichwa namna ile. Picha zikabaki mahali pake.

Wifi alipata habari zake kazini. Wenzake walimpongeza, na mmoja akamuuliza ana miezi mingapi. Mchana mama yake akapiga simu, sauti imejaa furaha, akimshukuru Mungu kwamba mwanawe ameanza kula. Wifi alifika kwa kaka yake hajavua hata sare.

"Kaka, mimi nimekukosea nini?"

"Kaa kwanza, mdogo wangu."

"Sikai. Nitoe humo."

"Wifi, kosa ni letu," alisema fundi. "Zinaondoka leo hii. Ila soma kwanza watu walivyokusema, usije ukadhani wamekucheka."

Wifi alichukua simu ili apate hasira zaidi. Alisoma amesimama. Kisha akasoma amekaa. Waliandika kwamba anajiamini, kwamba macho yake yana utulivu, kwamba mwanamke anayesimama namna ile anajua thamani yake. Katika maisha yake yote ya chai kavu hakuna aliyewahi kumwambia hivyo.

"Mnaweza kuziacha mpaka Ijumaa," alisema, bila kumtazama mtu.

Ijumaa ilifika, na mteja akafika nayo. Alikuwa mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwili wa haja, na alibisha hodi kama mtu anayeleta saruji. Alikuja kuchukua gauni lake la bluu, lakini alikuwa na ombi: azungumze na yule dada wa kwenye picha. Alitaka kumuuliza anavaa nini kwa ndani, na alifanyaje mpaka akathubutu kusimama mbele ya kamera.

Wifi alikuwepo, siku hizo alipita pale kila akitoka kazini. Alijitokeza na kutabasamu.

"Karibu, dada."

Mama Saruji alimtazama kuanzia juu hadi chini, safari isiyochukua muda kwa upana.

"Ahsante. Naomba uniitie mwenyewe."

"Ndiye huyu," alisema fundi.

Ikabidi aelezwe. Injinia alianza na uwiano, akaingia kwenye mraba, akapotelea humo, na mkewe akammalizia kwa maneno machache. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho, na uso wake ukawa mdogo.

"Kumbe ni makosa ya mashine," alisema. "Mimi nilidhani kuna mtu amekaa, akatufikiria."

Hata wifi aliona haya, ingawa yeye ndiye aliyepanuliwa. Fundi akalitoa gauni la bluu.

"Picha ni makosa ya mashine," alisema. "Hili si makosa. Hili nimelifumua kwa ajili yako mpaka vidole vikauma. Livae, likikubana popote usilichukue."

Mama Saruji aliingia chumbani, akakawia. Alipotoka, bega lilikuwa limekaa begani na pindo lilikwenda sawasawa mbele na nyuma. Aliinua mikono juu kama mtu anayeshusha boksi rafuni, na kwapa halikulalamika. Akajitazama kwenye kioo, akageuka, akajitazama tena.

"Nani atakuwa kwenye hizo picha sasa?" aliuliza.

"Wewe, ukikubali," alisema fundi.

Alikubali haraka kuliko walivyotegemea. Akasimama mlangoni, mkono kiunoni, na wifi, aliyekuwa ameshashika mkoba aondoke, akabaki kumsahihisha kidevu. Injinia alizitia picha kwenye kompyuta kwa heshima mpya. Programu ilipomuuliza kuhusu uwiano aliondoa miwani, akaifuta, akajibu ndiyo. Picha zilitoka za mraba, zina nafasi nyeupe huku na huku, na katikati alikuwa mama yuleyule aliyesimama pale sebuleni, bila kuongezwa wala kupunguzwa.

Mama Saruji aliinama, akaitazama moja kwa muda mrefu.

"Injinia," alisema kwa sauti ya chini, "ile dawa uliyompa dada yako, haina ya kurudisha ndani? Kidogo tu, hapa kiunoni."

Injinia akainua mkono kuelekea kwenye kipanya.

"Haina," alisema fundi.

Picha zilipanda hivyohivyo, na oda hazikupungua. Aliyeumia ni wifi. Alikaa mwezi mzima hapigi simu, na alipopiga, alimuuliza kaka yake, kama mtu asiyejali sana, iwapo zile picha zake za zamani bado hajazifuta.