Sarafu Chini ya Mguu wa Meza

Marehemu mume wangu alikuwa fundi saa, na maisha yake yote alikusanya sarafu za zamani. Wanaume wengine huleta mke wa pili. Wangu alileta kopo la maziwa, akalijaza sarafu, akalipa nafasi nzuri kabatini kuliko sahani zangu. Wifi yangu, dada yake, alikuwa akimcheka mbele za watu. "Mtu mzima anaokota takataka!" Hata msibani alisema hivyo, nami nikamezea kwa kuwa nilikuwa na kazi ya kulia. Lakini nikaapa moyoni: ipo siku jina la mume wangu litaandikwa mahali pa heshima, na wifi atavaa miwani alisome.

Ndipo jirani yangu, fundi redio, akaniletea habari za chama cha kitaifa cha wakusanya sarafu.

"Jiunge, bibi, kina faida. Unapata jarida, unapata wataalamu wa kukukagulia sarafu bure. Halafu kila mwaka wanachama wanaonyesha sarafu zao ukumbini, kila moja na kikaratasi chenye jina la aliyeikusanya."

Faida nyingine sikuzisikiliza. Aliposema kikaratasi, mimi nilikuwa natafuta viatu.

Nikafungua kopo. Loo! Sarafu nyeusi kama masizi ya sufuria. Nikajiuliza, watu wa kitaifa nitawapelekea uchafu huu? Nikachukua majivu, limau na mswaki mkuukuu, nikazisugua moja moja mpaka bega likagoma. Ziling'aa hata ungeweza kujipakia wanja kwa kujitazama humo.

Ofisini katibu wa chama, mwanamume makini mwenye glavu nyeupe, alinipokea vizuri. Akaniandikisha, akanipa kadi na kijitabu, akanishika mkono. "Karibu chamani, mama." Kisha akafunua kopo. Uso ukamshuka.

"Mama, nani amezisugua hizi?"

"Mimi mwenyewe, mwanangu. Si unaona zinavyowaka?"

Akaketi taratibu kama aliyepokea simu ya msiba. "Ule weusi ndio umri wake, mama. Ukiusugua, unachubua na maandishi. Fungua kijitabu, ukurasa wa kwanza."

Nikafungua. Herufi kubwa, hata mimi niliyeishia shule ya msingi sikuhitaji msaada: USIOSHE SARAFU.

"Mbona hamkuniambia mapema?"

"Ushauri ni kwa wanachama, mama."

"Na mimi nimekuwa mwanachama lini?"

"Sasa hivi."

Basi faida ya kwanza ya uanachama nikawa nimeipata: kukatazwa jambo nililokwisha kulimaliza.

"Zilizooshwa hatuzionyeshi," akasema kwa upole. "Hakuna hata moja uliyoisahau?"

Nikakumbuka. Ilikuwepo. Zamani wifi alichomoa sarafu moja koponi, akaisokomeza chini ya mguu wa meza yake iliyokuwa ikiyumba. Mume wangu aliiomba mpaka akachoka. "Chuma tu hicho," wifi alimjibu. Tangu hapo haijatoka.

Nikaenda.

"Wifi, naomba ile sarafu ya mezani."

"Ile takataka? Ya nini?"

Hapo ndipo nilipopaswa kudanganya. Mimi niliyewadanganya wakwe na madaktari, siku hiyo nikasema kweli: maonyesho, ukumbi, kikaratasi. Wifi akaweka kikombe. Yeye ambaye kila siku magoti hayakunjiki, akapiga magoti sakafuni, akaichomoa sarafu, akaipuliza vumbi.

"Naenda nayo mwenyewe. Nami najiunga."

Siku ya maonyesho nilimkuta amesimama mbele ya kabati la kioo, kilemba kipya, akiwaeleza wageni. "Kaka yangu alikuwa na jicho, jamani! Sisi ukoo wetu ndivyo tulivyo." Nikasogea nikasome. Jina la mume wangu lilikuwepo, lote kamili hadi la babu yake, limechapwa vizuri. Chini yake: *Imetunzwa na dada yake mpendwa.*

Mke hakuna. Hata kwa herufi ndogo.

Nikamvuta katibu pembeni. "Imetunzwa? Ilikuwa chini ya meza!"

"Kusema kweli, mama, imetunzwa vizuri sana. Haikuguswa, haikuoshwa."

Nikauma meno. Nikarudi kusoma jina lile mara nyingine, maana ndilo lililonileta, na miwani ya wifi ilikuwa puani kwake. Lakini furaha yangu ilikuwa na mchanga ndani.

Baada ya wiki, hodi mlangoni. Wifi huyo.

"Wifi yangu, meza inayumba, chai yote inamwagika. Nipe moja katika hizo zako zinazong'aa, maana hazina kazi tena."

Nikatabasamu. Nikaleta kopo, nikachambua kwa makini kama mwanachama anavyopaswa, nikampa moja. Akashukuru sana.

Nimemchagulia nyembamba.