Kipara cha Kumfariji Dada

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi, na kipara kilinitangaza tangu barabarani. Nilisikia tu kwamba dada ana saratani, nikaenda kwa kinyozi nikanyoa zote, ili nywele zake zikianza kung'oka asione haya peke yake. Kuuliza anatumia dawa gani, wala sikukumbuka.

Nikamkuta saluni kwake, chumba chenye kioo kimoja na viti viwili, anamsuka rasta mwalimu mmoja, mama wa makamo. Nywele zake mwenyewe zilikuwepo zote, zimebanwa vizuri kuliko za mteja.

"Pole na msiba, kaka," mwalimu akaniambia kupitia kioo.

"Msiba wenyewe ni mimi," dada akasema, vidole vikiendelea. "Huyu kaanza matanga, marehemu bado anasuka. Mdogo wangu, mimi nameza vidonge tu, having'oi hata unywele. Si ungepiga simu?"

Wakacheka mpaka mwalimu akaomba asivutwe. Nami nikacheka kidogo, kwa adabu, kisha nikatoa lililonileta.

"Nimeshaongea na mwenye chumba hiki. Mwisho wa mwezi tunarudisha funguo, unahamia kwangu. Wifi yako ameshatandika kitanda pale dirishani."

Mikono ikasimama. Ndipo nikaona alivyoegemeza kiwiko kwenye mgongo wa kiti.

"Umeongea na mwenye chumba," akasema.

"Unachoka, dada. Kusuka vichwa vya watu sasa hivi kunakusaidia nini?"

"Anisaidie mimi kwanza," mwalimu akadakia. "Nitaingiaje darasani na nusu kichwa?"

Safari hii dada hakucheka. Alichukua rasta, akaigawa mara tatu, akaanza mstari mwingine juu ya sikio. Akafika katikati, akapumua, akaendelea. Alipomaliza akachovya ncha kwenye kikombe cha maji ya moto, akazifuta kwa taulo.

"Mpigie tena," akaniambia. "Mwambie chumba bado nakihitaji."

"Lakini kwangu utapumzika, dada. Hutanyanyua hata kijiko."

"Najua. Kwako nitakuwa mgonjwa toka naamka mpaka nalala. Hapa naugua nikipata nafasi."