Maziwa ya Kopo Bijombo

Mwaka 1964 niliacha kazi katika kampuni ya pamba Uvira, nikatangaza kwamba nimechoka kuwatajirisha matajiri, sasa nakwenda kusaidia watu. Sylvestre, tuliyekaa naye ofisi moja, aliitazama tai yangu.

"Weye unaacha biro, ofisi nzuri hivi, juu ya kusaidia watu," akasema. "Na weye, nani atakusaidia?"

Nikamwona mtu asiye na moyo.

Shirika la kimataifa lililoniajiri lilinituma Bijombo, juu milimani, ambako wafugaji waliwahifadhi watu wa Lubarika waliokimbia vita vya bondeni. Wenyeji walikuwa wameanza kuchoka, na kazi yangu ilikuwa kuwaomba wasiwafukuze. Nilipanda na tai, viatu vya ofisini na makopo ya maziwa ya unga. Ndiyo, maziwa, kwa wafugaji wa ng'ombe. Kule kwenye kampuni nilisifiwa kwa mipango.

Mukamurenzi, mama mwenye ng'ombe wengi ambaye neno lake ndilo lililosubiriwa, alinipa maziwa katika chombo cha mti, yakinukia moshi. Daktari wa kampuni alikuwa ametukataza maziwa yasiyochemshwa. Basi nikamrudishia chombo kwa tabasamu la ofisini, nikafungua kopo, nikakoroga unga na maji, nikamkaribisha yeye. Nyumbani kwake.

Akageuza uso. Wazee waliokuwa wameketi naye wakainuka, wakaenda kuangalia ng'ombe.

"Umekatala maziwa yake," Kayumba, mkalimani wangu, akaniambia nje. "Kwetu, muntu mwenye anakatala maziwa iko adui. Kesho watu wa Lubarika watafukuzwa, watashuka kwenye vita, sababu ya weye."

Niliona aibu. Nikatunga hotuba ya kuomba radhi, ndefu kama ripoti ya mwisho wa mwaka.

Asubuhi, kabla sijaitoa, wapita njia walileta habari: waasi wameingia Uvira, wakubwa wa shirika wamekimbilia Burundi. Mimi hakuna aliyenikumbuka. Tena waasi, walisema, wanawatafuta wenye tai.

Hotuba ikanitoka kichwani. Watu wa Lubarika walikuwa wamekwisha kufunga mizigo. Nikaketi chini katikati yao, mbele ya Mukamurenzi.

"Mama, minye niko mukimbizi," nikasema, Kayumba akitafsiri. "Niko naomba maziwa."

Alinyoosha kidole kwenye tai yangu.

"Toa kwanza ile kamba iko mu shingo."

Nikavua tai. Akanipa chombo, nikanywa mpaka tone la mwisho, nikihofia tumbo langu kuliko waasi.

"Fungueni mizigo," akawaambia wa Lubarika. "Na huyu mumupe nafasi."

Wakasogea, nikapata kona ya mkeka. Unga wangu akapewa ndama aliyefiwa na mama yake. Aliunusa, akageuka.

Baadaye akatokea Sylvestre, naye amekimbia Uvira, anachechemea katika viatu vya ofisini, tai bado shingoni. Nilifurahi hadi machozi. Mukamurenzi akamletea chombo, na nikamwona rafiki yangu anatafuta maneno ya heshima ya kukataa.

"Kunywa yote," nikamnong'oneza. "Usiulize."

Akanywa. Huo ndio msaada pekee niliowahi kumpa mtu Bijombo.