Imondo ya Mheshimiwa

Jumanne, tarehe kumi na nne Mei. Ukungu ulikuwa umelalia miwa, na manyunyu yalikuwa yakigonga mabati tangu alfajiri. Mideva alikuwa akimnyonyoa jogoo wake wa mwisho huku akiimba tenzi kwa sauti ya chini.

"Jogoo mzima kwa mwanasiasa," jirani yake Quinter alimtania. "Kwangu hata mchungaji hula mrenda."

"Huyu alikula imondo hapa, Quinter."

Imondo, firigisi ya kuku, ni ya mwenye nyumba. Tangu mumewe Andati azikwe kando ya migomba, Mideva hakumwekea mwanamume yeyote, hadi Lusweti alipokuja kuomba kura. Akaila, naye mjane akamhesabu mlinzi wa boma. Kwa hiyo mswada wa miradi ya kanda ulipofika bungeni, na bwawa la kufunika bonde lao likaanza kutajwa, alimwendea yeye. Lusweti aliapa kukilinda kifungu kimoja: mradi hauidhinishwi mpaka wenye ardhi wakubali barazani. Leo kilikuwa kinapigiwa kura, na Mideva alikuwa amefunga na kuomba tangu Jumapili.

Lusweti alifika jioni, viatu vimejaa matope. Walikaa jikoni penye joto, pamoja na Quinter na Patroba, mzee wa mtaa. Mideva aliomba, kisha akamwekea mgeni sahani, imondo juu ya obusuma, ugali wa kwao.

"Kimepita, mama," Lusweti alisema.

"Bwana asifiwe."

"Kimepita vile tulisema?" Patroba aliuliza.

Lusweti alikata tonge. "Kimerekebishwa kidogo. Wenye ardhi wataarifiwa, halafu kamati iidhinishe."

"Kuarifiwa," Patroba alisema. "Hata huyu jogoo aliarifiwa."



"Nani alileta marekebisho hayo?" Mideva aliuliza.

"Mama, siasa ina njia zake. Wangenitoa kwenye kamati. Na fidia itakuwa nzuri..."

"Nimeuliza nani."

Lusweti aliangalia moto. "Mimi."

Njaa ya mfungo, ambayo haikuwa imemsumbua hata kidogo, ilimjia Mideva yote kwa pamoja. Alishika kiguzo cha jiko mpaka ikatulia. Kisha akanyoosha mkono, akaichukua imondo kutoka kwenye sahani ya Lusweti.

"Kula, mwanangu. Mgeni hanyimwi chakula."

Aliitunga imondo kwenye kijiti, akakichomeka juu ya meko, moshi unapopita.

"Patroba, Quinter, nyinyi ni mashahidi, na Mungu anasikia," alisema. "Hii itakauka hapa. Lusweti akikirudisha kile kifungu, nitaichemsha upya, nimwekee kwa mikono yangu. Bwawa likitangulia, litatukuta hapa sote: imondo, mimi, na Andati."