Turubai la Harusi Ufukweni

Kuna watu likizo haiwaingii mwilini hata uwapakie garini kwa nguvu, na Bwana Kivuli alikuwa mmoja wao. Kazi yake ilikuwa kukodisha maturubai. Harusi, mahafali, misiba, popote watu walipokusanyika kucheka au kulia, yeye ndiye aliyewakinga jua. Mkewe ndiye aliyeyashona maturubai hayo, kwa hiyo walipofika kwenye kambi ya mapumziko ufukweni, mahali wasipopajua kabisa, alilitambua furushi la turubai kubwa mara tu liliposhushwa garini.

"Baba watoto, si tulikubaliana tuje na kile kihema kidogo?"

"Kile cha kulala paka? Watu watanionaje?"

Basi, katikati ya vihema vya wenzao vilivyoinama inama, likasimama turubai la harusi lenye nguzo ndefu, kuta nyeupe na marinda ya rangi ya dhahabu. Haya!

Mke hakutaka kuanza likizo kwa ugomvi. Safari hii ilikuwa ya binti yao wa pekee. Baada ya likizo angekwenda chuo cha mbali, na alikuwa ameomba kitu kimoja tu, kukaa na baba yake. Jumamosi zote za utoto wake baba alikuwa kwenye shughuli za watu. Hata siku binti alipomaliza shule baba alikuwepo, naam, lakini nje, anakaza kamba. Mama aliogopa. Aliona wazi kwamba nafasi hii ikipita, mtoto ataondoka akiwa anamjua baba yake kwa mgongo tu.

"Baba, twende tukaogelee," binti alisema.

"Nakuja, mwanangu. Nikaze hii tu."

Akaikaza, akahamia nyingine. Akarudi ya kwanza, akaigusa, akasonya. Upepo ulipovuma akatoka nje, ulipotulia akatoka tena kuona kwa nini umetulia. Binti alisubiri weee, mwishowe akachukua taulo lake akaenda peke yake.

Hajafika mbali, mama mmoja wa hema la jirani akaingia na uso wa huzuni.

"Poleni sana, jamani. Marehemu alikuwa nani wenu?"

Kabla mke hajafungua mdomo, nyuma yake akatokea bwana mmoja amebeba kreti ya soda, meno yote nje. "Hongereni! Maharusi wako wapi?"

Wale wawili wakatazamana. Mtu mwingine angecheka, akaeleza, mambo yakaisha. Bwana Kivuli yeye alivuta viti. Ndiyo, viti navyo alikuwa amevibeba!

"Karibuni, karibuni. Mbele bado kuna nafasi."

Jua lilikuwa kali na kivuli ni kitamu. Watu hawakuhitaji kuitwa mara mbili. Walioona wenzao wamekaa nao wakakaa, wakauliza kuna nini, wakaambiwa subirini. Kufikia alasiri turubai lilikuwa limejaa wageni wasiojua wamealikwa na nani, na mke hakuwa na hata kiti. Bwana Kivuli alipita katikati yao na jagi la maji, jasho likimtiririka, macho juu kwenye nguzo.

Binti akarudi kutoka majini, taulo kichwani, akakaa safu ya nyuma. Baba yake akamfikia, akammiminia maji huku akiangalia kona ya turubai iliyokuwa ikipepea.

"Karibu, dada. Jisikie nyumbani."

Akasonga kwa mgeni mwingine.

"Asante, mzee," binti alijibu taratibu.

Mama aliyaona yote hayo na moyo ukamuuma vibaya. Kisha hasira zikampanda. Akasimama katikati, akapiga makofi.

"Jamani, asanteni kwa kuja! Shughuli imekwisha. Tokeni nje, nalishusha!"

Wakatoka wakinung'unika, yule bwana na kreti yake. Wa mwisho alipotoka mama akalegeza kamba kuu, akang'oa nguzo ya kati, na turubai lote likalala mchangani.

"Mke wangu! Umefanya nini? Litachanika!"

"Nitalishona. Ni kazi yangu. Yule uliyemwita dada ni mwanao."

Bwana Kivuli aligeuka. Alimwona binti amesimama na kikombe mkononi. Binti akakiweka chini, akashika njia ya baharini, na baba akamfuata hadi majini, yeye na suruali yake na viatu vyake, mikono haijui ishike nini.

"Mwanangu, nisamehe. Mbona hukuniita?"

"Nilikuita, Baba. Nimekuita tangu nilipojua kusema."