Jina Lililogomewa Mikindani

Sava ya Chuno, ile kompyuta kuu ya mtandao wetu, ingekuwa na mdomo, ingewaambia kwamba mikono yangu haijawahi kuiumiza hata siku moja. Wengine huharibu, Hemedi hutengeneza. Ndivyo nilivyomwambia Latifa asubuhi ile ya mwaka 2004, alipoingia ofisini kwetu na vumbi la Kitaya miguuni.

Hakucheka. Chuo cha uuguzi huko Dar kilimtumia barua pepe ya kumpa nafasi, kwenye anwani aliyofunguliwa katika kituo chetu cha Kitaya, ikarudi. Kikatuma tena, ikarudi. Sasa wamempigia simu: mchana huu wanatuma kwa mara ya mwisho, isipofika nafasi anapewa mwingine.

"Siondoki hapa," akasema, akavuta kiti nyuma yangu.

Bosi wangu, dada Rehema, akakunja mikono ya baibui. "Hata mimi siondoki."

Tatizo tuliliona upesi. Majina ya mashine zetu zote, pamoja na za kituo kipya cha Kitaya, tunayaandika kwenye sava ya Chuno. Sava ya Mikindani huyanakili, na dunia nzima ikitafuta anwani zetu huuliza kule Mikindani. Nakala ya kule ilikuwa ya zamani, Kitaya haimo. Kwa dunia, Latifa hakuwa na anwani.

Rehema akampigia Sudi, msimamizi wa Mikindani, akaweka simu kwenye spika.

"Sudi, nakili upya."

"Nanakili dada, inagoma. Inasema kuna jina lina alama isiyoruhusiwa, basi inakataa yote. Jina lenyewe hailitaji."

"Sava imemwiga bwana wake," nikadakia. "Ikiona kazi, inaugua."

"Hemedi, nikija huko nakufunga kwenye mkorosho!"

Sudi ni mtoto wa mjomba wangu, mtani wangu halali. Siku tusipochokozana, nyumbani huuliza nani anaumwa.

Rehema hakuwa na muda wa utani. Akaondoa nusu ya majina, Sudi akanakili, ikakubali. Kumbe mbaya yumo kwenye ile nusu iliyotolewa. Akairudisha, akaikata tena. Ikagoma. Akakata tena, meno ameyabana, mpaka yakabaki majina machache.

"Naswali mara moja," akasema, "nikirudi namkamata."

Nikayatazama yale machache. Lo! Printa niliyoibatiza mwenyewe wiki iliyopita, nikicheka peke yangu: *sudi_mvivu*. Kile kistari cha chini ndiyo alama yenyewe! Sava yetu kuukuu hukimeza, ya Mikindani ni mpya, haina masihara. Nikalifuta, nikarudisha mengine yote, nikapandisha namba ya toleo ili Mikindani ijue orodha ni mpya, nikanong'ona kwenye simu, "Nakili."

"Imepita! Yote!"

Rehema aliporudi, barua ya chuo ilikuwa imeshaingia. Latifa akaijibu: nakuja. Kisha akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Ilikuwa nini?" Rehema akauliza.

"Matatizo ya Mikindani, dada. Nimeyatibu nikiwa hapa hapa, kwa utaalamu. Sudi ajifunze kutunza vyombo."

"Mimi?" spika ikafoka.

Latifa akanigeukia, uso umejaa shukrani. "Lakini kaka Hemedi, si ulifuta tu yale maneno 'sudi mvivu'? Nilikuwa nyuma yako. Ulifuta huku unachungulia mlango."

Rehema akanitazama.

"Rudia, dada yangu," Sudi akasema, "tena polepole. Baba yupo hapa, naye asikie ya mpwa wake."